Ukoo wa Mjusi Mweupe

Ardo binti Gelle alipoajiriwa kulea mijusi, alikaa siku tisa bila kumwambia mtu. Kila asubuhi alijitanda shungi lake, akamwambia bintiye Hinda kwamba amepata kibarua cha kufagia ghala la ngozi, akashika njia. Hakuwa mwongo kabisa. Ghala lilikuwa la ngozi kweli, nyuma ya soko la mifugo la Garissa, na kufagia alifagia. Lakini mle ndani, mahali ambapo mzee mwenye ghala alirundika ngozi za mbuzi hadi darini enzi za uhai wake, mwanawe Mahat alikuwa amepanga rafu za mbao, na juu ya rafu masanduku ya plastiki yenye matundu, na ndani ya kila sanduku mjusi.

Siku ya kumi Hinda akasikia. Hinda aliuza maziwa ya ngamia sokoni, na muuza maziwa hapitwi na neno.

"Hooyo," akamwambia mama yake wakiwa jikoni, "ni kweli unalisha mijusi kafiri?"

"Hawa si wale wa ukutani."

"Mjusi ni mjusi. Watu wanamuua wapate thawabu, wewe unampa chakula. Nitamuuzia nani maziwa, wanawake wakijua mkono wa nyumba yetu unashika mjusi?"

Ardo akainamia moto, akapuliza. Kule Tarbaj alikozaliwa alikuwa mwenye mbuzi, na zaidi ya kuwa nao aliwajua. Miaka kumi na mmoja alikuwa msaidizi wa mifugo wa kijiji, aliyefundishwa kudunga sindano na kukata kwato zilizooza, na watu walitembea nusu siku kumwita. Kisha mvua ikakosekana msimu mmoja, na wa pili, hadi msimu wa tano, na mbuzi wake wakalala mmoja mmoja wasiinuke. Wa mwisho alimchinja mwenyewe kabla hajafa, na nyama yake hapakuwa na aliyeweza kuitafuna. Alifika Garissa na birika, mkeka, na mkoba wa sindano ambao hakuwa na mnyama wa kuutumia.

Mahat alikuwa ametafuta mlezi miezi miwili. Kijana wa kwanza alifungua sanduku, akapiga kelele, akatoka mbio. Wa pili alivua kandambili akamponda mjusi aliyekuwa amegharimiwa safari ya ndege, kwa mazoea tu, kisha akaomba radhi kwa uchungu kama aliyeua ndama wa jirani. Ardo alipokuja aliuliza swali moja: "Wanakula nini?" Mahat akamwajiri papo hapo.

Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mbili, mpole wa maneno, aliyesoma Nairobi na kurudi na leseni ya kufuga na karatasi zote zenye mihuri. Alimwita Ardo eeddo, shangazi, kama vijana wa kwao wanavyomwita mwanamke wa umri wake.

"Hawa wanaitwa mijusi-chui, Eeddo. Wa kwanza sita niliwaagiza kwa mfugaji wa Afrika Kusini. Watu wa Nairobi na Mombasa wanawafuga nyumbani."

"Wanawafanyia nini?"

"Wanawatazama."

Ardo alifikiri anataniwa. Lakini wiki chache baadaye akajikuta naye anawatazama. Walikuwa na kope, tofauti na mjusi wa ukutani, na walipopepesa macho walifanana na watoto walioamshwa kabla ya wakati. Hawakuparamia ukuta. Walitembea polepole wakiinua mguu juu, kama mtu anayevuka tope na viatu vipya. Na mkia wao mnene aliuelewa siku ile ile ya kwanza bila kuambiwa: ulikuwa kama kitako cha kondoo wa kwao, ghala la mafuta la kumvusha mnyama wakati wa njaa. Mkia ukikonda, mnyama anaumwa.

Mengine alijifunza kwa kufundishwa na kwa kukosea. Alijifunza kuwapaka nyenje unga wa kalsiamu kabla ya kuwalisha mijusi, maana mjusi asiyepata kalsiamu mifupa yake hulainika, taya likalegea asiweze kutafuna. Alijifunza kutandika karatasi badala ya mchanga, kwa kuwa mchanga humezwa na chakula na kuziba tumbo. Aliweka kopo lenye tambara bichi katika kila sanduku, mjusi apate unyevu wa kuvua gamba; gamba likibaki kwenye vidole hukaza kama uzi, na kidole hukatika. Joto la Garissa ambalo Mahat alidhani litakuwa msaada lilikuwa ndilo adui, na Ardo ndiye aliyezungusha mitungi ya udongo yenye maji chumba kizima, kama walivyopoza maziwa kwao.

Kitu kimoja hakuna aliyemfundisha. Katika nchi yake mtoto hufundishwa kuhesabu baba zake, jina juu ya jina, hadi babu wa ishirini, na mtoto asiyejua nasaba yake huchekwa. Ardo alizijua nasaba za mbuzi wake vivyo hivyo. Sasa, bila kukusudia, akazishika za mijusi. Mahat alikuwa na daftari kubwa la kuandikia uzazi, lakini akitaka kujua jambo alimuuliza Ardo. Naye, huku akimwaga maji kwenye vifuniko, alimjibu: "Huyu wa sanduku la kumi na nne? Mama yake ni yule aliyekatika kidole, aliyezaliwa na jike la pili kutoka ng'ambo, baba yake yule mkubwa mwenye kovu." Hakuwahi kukosea. Mahat alicheka kwa furaha akasema, "Wewe ndiye daftari, Eeddo."

Mwaka wa pili yai moja likapasuka akatoka mjusi asiye na madoa. Alikuwa mweupe wa maziwa yaliyoganda, na macho mekundu kama punje za komamanga. Ardo alimpokea kwenye kiganja akamwita Caano, yaani maziwa, na yeye mwenyewe akashangaa kwamba amempa jina.

Mahat alimpiga picha, akaitupa kwenye kundi la wafugaji kwenye simu. Kufikia adhuhuri watu arobaini walikuwa wameuliza bei. Kijana alitembea ghala zima akizungumza peke yake. "Hakuna mwingine Afrika Mashariki nzima. Hakuna!" Alimkumbatia Ardo kwa maneno tu, maana kwa mikono haikuwa adabu, na wiki ile alimletea shuka mpya na sukari kilo tano. Hata Hinda alilegeza uso.

Caano alipokomaa alipandishwa kwa majike watatu. Nusu ya watoto walikuwa na madoa kama mama zao, nusu wakatoka weupe. Mahat aliwagusa weupe mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, akatabasamu.

Ardo ndiye aliyeona kwanza. Ilikuwa siku ya kuhamisha masanduku ili rafu zipakwe rangi. Alipomweka Caano mahali papya, mjusi aliinua kichwa, akakipindisha upande kana kwamba anasikiliza kitu darini, akaanza kuzunguka. Alizunguka kushoto mara tano, sita, akaanguka ubavu. Alipotupiwa nyenje alimrukia, akaangukia pembeni, akarudia, akauma karatasi. Baada ya saa moja alitulia, akawa kama hakuna kilichotokea.

Kwa wiki tano Ardo akawa anatazama tu. Akaona kwamba watoto weupe saba kati ya kumi na mmoja wanapindisha kichwa. Wengine kidogo tu, wengine hadi wanalala chali wasijue juu wala chini. Wenye madoa, ndugu zao wa tumbo moja, chakula kile kile, joto lile lile, hakuna hata mmoja. Rangi na ugonjwa vilitembea pamoja.

Moyo ukamwuma, kwa kuwa jambo hili alikwisha kuliona. Alipokuwa msichana, baba yake Gelle alikuwa na beberu mweupe ambaye watu walimjia kutoka mbali kumwomba awapandie majike yao. Mwaka ule wakazaliwa vitoto weupe wazuri, na kila wa tatu akawa kipofu. Gelle hakusubiri mwaka wa pili. Alimhasi beberu mbele ya watu wote waliokuja, na Ardo alipolia, akamwambia: "Huyu ni mzuri kwa macho yetu. Wanaobeba uzuri wake ni wale wanaogonga miti."

Akamwendea Mahat, ambaye alikuwa akipakua nyenje.

"Mahat, weupe wasizalishwe tena. Hata mmoja."

"Kwa nini, Eeddo?"

Akamwonyesha. Alimhamisha mweupe mmoja sanduku, akazunguka mbele yao mpaka akaanguka. Mahat hakushtuka, na hilo ndilo lililomtia Ardo baridi. Alikuwa anajua.

"Ni wasiwasi tu wa kuhamishwa," akasema. "Nimesoma. Kuna wafugaji ng'ambo wanachagua wale wasiozunguka sana, wanaendelea na hao, na kizazi hadi kizazi unapungua."

"Umepungua? Caano amezunguka akiwa na mwaka. Mwanawe amezunguka ana miezi mitatu. Umri unashuka, wewe unasema unapungua."

"Eeddo, nina watu wanangoja."

"Watunze hawa walioko mpaka wafe kwa siku zao. Nawalisha mimi kwa mkono, sitachoka. Uza wenye madoa, ni wazima. Lakini yai la mweupe usiliangue."

Mahat alimtazama kwa upole ule ule. "Nitafikiri," akasema. Kisha: "Wageni wakija, haya tusiwaambie."

Aliyoyafikiri yalionekana. Alitaka weupe wengi zaidi na kwa haraka, basi akampandisha Caano kwa bintiye mwenyewe, jike mweupe ambaye Ardo alimwita Qurux, uzuri. Qurux alikuwa na miezi minane. Hakuwa ametimiza hata uzito wa kubeba mayai. Ardo alimtoa dume mle sandukuni, Mahat akamrudisha. Akamtoa tena.

"Eeddo," kijana akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na makali, "hawa ni mijusi. Si wanao."

"Hata mbuzi hawakuwa wanangu."

Qurux alibeba. Mayai yalionekana kwenye ngozi ya tumbo, mawili, makubwa kwa mwili ule. Siku za kutaga zikafika zikapita. Alichimba kwenye kopo la unyevu usiku na mchana, akachimba mpaka makucha yakatoa damu, yai lisitoke. Ardo alimwogesha kwenye maji ya vuguvugu, akampaka mafuta, akamsugua tumbo kwa kidole kimoja. Mkia wake ulinyauka ukawa kama mjeledi. Siku ya sita Ardo alimwomba Mahat ampeleke kwa daktari Nairobi.

"Kwa basi? Atafia njiani, Mwingi."

"Basi mwite daktari wa hapa."

"Wa hapa anajua ngamia."

Qurux akafa mchana wa Ijumaa, kichwa kimepinda, kinywa wazi. Ardo alimfunga kwenye kitambaa. Aliporudi ndani alimkuta Mahat mezani na daftari kubwa, anaandika. Ardo alikuwa amesoma ngumbaru, herufi alizijua. Alisoma juu ya bega lake polepole. Mahali pa baba yake Qurux palikuwa pameandikwa dume ambaye hakuwahi kuwako, na mahali pa mama, jike kutoka ng'ambo ambaye hakuwahi kuja. Alipekua karatasi za nyuma. Weupe wote walikuwa wamepewa wazazi wapya, kila mmoja wake. Na ili hesabu ya majike ikubaliane, hata wenye madoa walikuwa wamegawiwa mama wasio wao.

"Umewanyang'anya baba zao," Ardo akasema.

"Wanunuzi wanataka kuona damu tofauti. Ni wino tu, Eeddo."

Mwezi uliofuata mnunuzi akaja mwenyewe kutoka Nairobi. Alikuwa Bi. Nyaguthii, mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, aliyefuga mijusi tangu mumewe alipofariki. Alitaka jozi ya weupe, dume na jike. Mahat alimwonyesha wawili waliokuwa wametulia tangu asubuhi, akamfungulia daftari, kisha akatoka kwenda kupokea simu.

Ardo alikuwa akipanguza rafu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na aliona haya kukisema mbele ya mwalimu. Lakini alisema.

"Mama. Hii mbili usiweke bamoja."

"Kwa nini, dada?"

"Baba yao moja. Hii ni ndugu. Kitabu inasema ingine, lakini mimi nalitoa yai na mkono yangu. Kichwa yao si fizuri. Ngoja." Akamwinua dume mweupe, akamweka kwenye sanduku jingine. Kichwa kikapinda. Akaanza kuzunguka.

Bi. Nyaguthii alivaa miwani yake, akatazama mpaka mwisho. Mahat aliporudi akamkuta amesimama, mkoba begani.

"Kijana, huyu mama anasema kweli?"

"Eeddo ni mzee, mama. Hajui haya mambo ya—"

"Nimekuuliza, anasema kweli?"

Mahat akalifunga daftari. Bi. Nyaguthii akamgeukia Ardo, akamwomba namba ya simu. Ardo, asiye na simu, akampa ya Hinda. Mwalimu aliondoka bila mjusi, na mlangoni akasema, "Nitawaandikia waliokupa leseni. Sitaki kukuficha."

Mahat hakupaza sauti. Alifunga masanduku mawili yale, akayarudisha juu, akafuta meza. Kisha akasema, "Eeddo, kesho usije."

"Nani atawapaka nyenje unga?"

"Kesho usije."

Ardo alikaa nyumbani wiki saba. Hinda alifurahi wiki ya kwanza, na ya pili akaacha kufurahi, kwa kuwa mama yake alikaa mlangoni mikono mapajani kama mtu aliyesahau alichotaka kuchukua. Alisaidia kuchuja maziwa. Alijua ni siku gani mjusi yupi atavua gamba, na hakukuwa na wa kumwambia.

Wiki ya nane Mahat akampigia Hinda simu, akamtaka Ardo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia au asiyelala.

"Eeddo, njoo. Daktari amekuja na barua ya wale wa leseni. Mimi siwezi kuwashika."

Ardo alichukua mkoba wake wa zamani, bila kujua kwa nini, akaenda.

Ghala lilinuka. Mitungi ilikuwa mikavu. Masanduku sita yalikuwa matupu, na katika mengi yaliyobaki mijusi walikuwa wamekonda mkia, wengine gamba limewakaza vidole. Wenye madoa, wale wazima wake, walikuwa wamelala taya zimelegea. Kwa wiki saba hakuna aliyewapaka nyenje unga. Ardo alipita rafu hadi rafu, na kila alipofungua kifuniko alitamka kitu kwa midomo, pasipo sauti.

Daktari Mohamedamin alikuwa mwenyeji wa Garissa, mtu mzima, na alikuwa na aibu ya kazi aliyotumwa. "Mama, mimi nimesomea ngamia," akamwambia. "Hapa nimesoma wiki nzima ili nijue pa kudunga. Barua inasema wenye ugonjwa wa kurithi wote walazwe usingizi usio na kuamka, na wowote ambao nasaba yao haijulikani, wasije wakauzwa wakasambaza."

"Wenye madoa si wa ugonjwa huo," Ardo akasema. "Wanaumwa njaa tu na ukosefu wa unga. Nipe miezi miwili watasimama."

"Nasaba yao?"

"Naijua." Akaanza kuitaja. Alianza na sanduku la kwanza, mama, mama wa mama, baba, baba wa baba, hadi wale waliokuja na ndege. Alipofika sanduku la tisa daktari alikuwa amefungua daftari kubwa, anafuata kwa kidole.

"Mama, ulivyosema na kilichoandikwa havikutani hata mahali pamoja."

"Kilichoandikwa ni uongo. Mwulize aliyeandika."

Wote wakamtazama Mahat. Alikuwa ameegemea mlango. "Ni uongo," akasema, kwa sauti ya chini.

Daktari akafunga daftari, akavua kofia yake, akajipangusa jasho. "Basi ni vibaya zaidi. Daftari likiwa la uongo, sina daftari. Na mimi nakuamini, mama. Wallahi nakuamini. Lakini siwezi kuandika kwamba mama mmoja alinitajia. Watanirudisha na kuniuliza muhuri uko wapi."

"Kwa hiyo wazima watakufa kwa sababu ya wino."

Daktari akatayarisha sindano.

Ardo angeweza kuondoka. Alifikiria. Lakini alimwona daktari anavyomshika mjusi wa kwanza, kwa hofu, akimbana kifua, na mjusi akauangusha mkia wake ukabaki unacheza mezani peke yake. Akaweka mkoba chini.

"Nipe. Si hivyo."

Akawashika yeye. Aliwalaza mmoja mmoja kwenye kiganja, kidole gumba nyuma ya shingo, kivuli cha mkono wa pili juu ya macho. Kwenye kiganja chake hawakupapatika. Walianza na weupe, wakaenda kwa wenye madoa, na kazi ilichukua tangu asubuhi hadi baada ya swala ya adhuhuri. Kila aliyekata roho alimweka kwenye karatasi safi, na karatasi zikajaa sakafu pale palipokuwa pakirundikwa ngozi. Daktari alisaini barua yake, akampa Ardo mkono, akakumbuka, akaurudisha kifuani kwa heshima, akaondoka.

Ardo alizitazama karatasi. Akahesabu kwa ukoo, kama alivyozoea, na ukoo haukutimia.

"Caano yuko wapi?"

"Alikufa," Mahat akasema. "Mwezi uliopita. Nilimzika."

"Wapi?"

Kijana alionyesha nje, chini ya mgunga ulio kando ya ukuta. Ardo akatoka. Akaokota kipande cha chuma, akapiga magoti kwenye jua, akachimba. Ardhi ilikuwa ngumu kama mgongo wa sufuria. Tangu mvua ya mwisho haikuwa imeguswa. Alichimba hapa, akasogea akachimba pale. Mahat alisimama nyuma yake.

"Eeddo, acha."

Akaendelea.

"Eeddo, acha, nimesema. Hayuko hapo. Nilimpeleka Mombasa, kabla ya barua kufika. Kuna mtu alimtaka."

Ardo akainuka, magoti yake yametapakaa vumbi. "Mtu huyo ana majike?"

Mahat alitazama pembeni. "Kumi na wawili."

"Alijua?"

"Hakuuliza."

Ardo alimtazama muda mrefu, kijana mpole aliyemletea shuka na sukari. Akakiweka kile chuma juu ya ukuta, akarudi nyumbani kwa miguu.

Jioni ile alimwomba Hinda ampigie Bi. Nyaguthii. Hinda, aliyekuwa amesikia yote kimya, ndiye aliyeeleza, kwa Kiswahili chake cha shule. Mwalimu alisema atauliza, na aliuliza kweli. Lakini mtu wa Mombasa alikuwa amebadilisha namba, na Mombasa ni kubwa, na mjusi ni kitu kidogo.

Ardo sasa anauza maziwa na bintiye. Wanunuzi hawakupungua, watu husahau. Miezi saba ilikuwa imepita, asubuhi ya joto, Hinda alipomshika bega akamwekea simu mbele ya macho. Bi. Nyaguthii alikuwa ametuma video aliyoipata kwenye kundi la wafugaji. Palikuwa na sanduku la kioo lenye taa, na maandishi ya kutangaza aina mpya kutoka Pwani, yenye jina ambalo Ardo hakulijua. Ndani yake vijusi wanne, weupe wa maziwa. Mmoja wao aliinua kichwa, akakipindisha, akaanza kuzunguka, na nyuma ya simu watu wakasikika wakicheka.

"Wanacheka nini?" Ardo akauliza.

Hinda akashusha sauti ya simu. "Wanasema anacheza ngoma, hooyo."

Ardo akamrudishia simu. Mwanamke mmoja alikuwa amefika na kibuyu chake, anangoja. Ardo akafunua jerikeni, akachota, akammiminia taratibu, na mkono wake haukumwaga hata tone.